Mtoto mwema: amezaliwa hivyo au amelelewa?

Mtoto wa jirani akitumwa dukani akarudi na chenji kamili, watu husema, "Huyu kalelewa." Mwingine akikutwa ameiba korosho za watu na kuziuza kwa kangomba, maneno huwa mawili. Wapo watakaosema mama yake hakumfunza. Wapo watakaosema kafuata kwa wajomba zake.

Maneno hayo tunayasikia hapa Chuno, Mikindani, Msimbati na katika vijiji vya bonde la Ruvuma, na mara nyingi hatuyapimi. La kwanza linasema tabia hutoka kwenye malezi, na mzigo wote anatwishwa mama. La pili linasema tabia hutoka kwenye damu, na mzigo anatwishwa mtoto: ameshaharibika tangu tumboni, hakuna la kufanya. Kuna mama anayelala na lawama ya kwanza, na kuna mtoto anayekua na lawama ya pili.

Katika makala hii tunaeleza yale ambayo utafiti umeonyesha kuhusu jambo hili, yale waliyoyajua wazee wetu, na namna mzazi anavyoweza kuyatumia nyumbani.

Jibu kwa kifupi

Mtoto huzaliwa na hulka yake. Hazaliwi na wizi, matusi, adabu wala ukarimu. Hulka ni kama udongo ambao kila mtoto anakuja nao. Malezi ndiyo yanayoamua ufinyangwe kuwa chungu cha namna gani. Udongo hautofautiani kwa mtoto wa tajiri na wa maskini tu, hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana malezi yaliyomfaa kaka yanaweza yasimfae mdogo wake.

Hulka si tabia

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Tuna neno hulka, na wengine husema silika, kwa maana ya maumbile ya ndani ambayo mtu anazaliwa nayo. Tuna neno tabia, kwa maana ya mambo ambayo mtu huyafanya mara kwa mara hadi yakamzoea. Na tuna neno mwenendo, yaani namna anavyoishi mbele za watu.

Mama aliyezaa watoto watatu au wanne anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Mmoja alinyonya akalala. Mwingine alilia usiku kucha tangu siku ya kwanza. Wa tatu akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama yake. Hapo hakuna aliyekuwa amefundishwa lolote bado.

Mwaka 1956, madaktari wawili wa Marekani, Stella Chess na mumewe Alexander Thomas, walianza kufuatilia watoto zaidi ya 130 mjini New York tangu wakiwa wachanga. Waliangalia mambo tisa, kama vile wepesi wa kuzoea kitu kipya, ukali wa kilio, na mpangilio wa kulala na kula. Watoto wapatao 40 kwa kila 100 walikuwa wepesi kulea. Wapatao 10 walikuwa wagumu: walilia sana, walikasirika haraka na walikataa mabadiliko. Wapatao 15 walikuwa wazito kuzoea watu na mambo mapya. Waliobaki walikuwa mchanganyiko.

Jambo kubwa walilolipata ni hili: mtoto mgumu si lazima awe mtu mbaya, na mtoto mwepesi si lazima awe mtu mwema. Matatizo yalikuja zaidi pale ambapo hulka ya mtoto na namna ya kumlea vilikuwa havipatani. Mtoto mwenye nguvu nyingi akilazimishwa kukaa kimya kutwa nzima, ugomvi utazaliwa. Mtoto huyo huyo akipewa kazi ya kuteka maji, uwanja wa kucheza na mtu wa kumwelekeza, anaweza kuwa tegemeo la nyumba.

Mapacha wanatufundisha nini

Njia mojawapo ya kupima nguvu ya damu ni kulinganisha mapacha. Wapo mapacha wanaofanana kabisa, ambao walitokana na yai moja lililogawanyika. Hao hurithi mambo yale yale. Wapo wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Aina zote mbili hulelewa nyumba moja. Basi kama wanaofanana sura wanakaribiana zaidi kwa tabia kuliko wale wasiofanana, hiyo ni dalili kwamba kurithi kuna sehemu yake.

Mwaka 2015 wanasayansi walikusanya matokeo ya tafiti za mapacha za miaka takribani 50, zenye taarifa za jozi zaidi ya milioni 14. Walipojumlisha mambo yote yaliyopimwa, ya mwili na ya tabia, walikuta kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu, asilimia 49, inaelezwa na kurithi. Iliyobaki hutokana na mazingira na mengine yote yanayompata mtu maishani.

Tarakimu hiyo isisomwe vibaya. Haina maana kwamba nusu ya adabu ya mwanao imetoka kwenye damu na nusu kwenye malezi. Inaeleza tofauti kati ya watu wengi, haimpimi mtoto mmoja. Pia tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika nchi tajiri, mahali ambapo watoto wengi hula, husoma na hutibiwa. Pale ambapo mtoto mmoja anakula na mwingine analala njaa, mazingira huwa na sauti kubwa zaidi.

Mkulima wa korosho analielewa hili haraka. Kituo cha utafiti cha Naliendele hapa Mtwara kimetoa mbegu bora za mikorosho kwa miaka mingi. Lakini chukua mbegu bora, iache kwenye pori, usipalilie, usipulizie salfa. Ubwiri unga utaimaliza na hutavuna kitu. Chukua mbegu ya kawaida, itunze, utapata korosho. Mwenye shamba akivuna vizuri haulizi kilo ngapi zimetoka kwenye mbegu na ngapi kwenye salfa. Vyote vimefanya kazi pamoja. Tofauti ni kwamba mbegu ya mtoto tumeshapewa na hatuwezi kuibadili, ila palizi iko mikononi mwetu.

Nguvu ya malezi

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya malezi umetoka Romania. Nchi hiyo ilikuwa na nyumba kubwa za watoto waliotelekezwa, ambako mlezi mmoja alihudumia watoto wengi. Walilishwa, lakini hawakubebwa wala kusemeshwa vya kutosha. Kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwachukua watoto 136 waliokuwa wakiishi katika nyumba hizo mjini Bucharest. Kwa njia ya kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za kuwalea na nusu walibaki na malezi yale yale. Kwa kuwa ilikuwa kura, hakuna anayeweza kusema waliopelekwa kwenye familia walikuwa na damu nzuri zaidi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kimapenzi kwa walezi wao, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mfano mwingine umetoka Afrika. Watafiti walimpa kila mtoto wa miaka minne kitu kitamu na kumwambia, "Ukisubiri bila kukila, nikirudi nitakuongezea kingine." Walifanya hivyo kwa watoto wa Ujerumani na kwa watoto wa wakulima wa kabila la Nso nchini Cameroon. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2017, watoto wa Kinso waliosubiri hadi mwisho walikuwa karibu 70 kwa kila 100. Wa Ujerumani hawakufika 30. Watafiti walihusisha subira hiyo na malezi ya mama wa Kinso, ambao humzoesha mtoto mapema kujizuia na kuheshimu wakubwa. Anayedhani malezi ya kijijini hayana thamani ayafikirie matokeo hayo.

Kujizuia si jambo dogo. Huko Dunedin, Nyuzilandi, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Wale waliokuwa na uwezo wa kujizuia utotoni, walipofika miaka 32 walikuwa na afya bora, madeni machache na kesi chache za jinai. La kutia moyo ni kwamba waliojifunza kujizuia baadaye nao maisha yao yalikuwa nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini mtoto wa miaka kumi bado hajakauka.

Mtoto mtulivu asisahaulike

Tukisema "mtoto mwema", mara nyingi tunamaanisha mtoto asiyesumbua. Hapo pana hatari.

Mwaka 1974, wakati wa ukame mkali, daktari Marten deVries alikuwa akichunguza hulka za watoto wachanga wa Kimasai nchini Kenya. Aliwatambua watulivu kabisa na wasumbufu kabisa, na baada ya miezi kadhaa alirudi kuwatafuta. Ukame ulikuwa umewahamisha watu wengi, hivyo alizipata familia 13 tu. Kati ya watoto saba watulivu, watano walikuwa wamefariki. Kati ya sita wasumbufu, alikuwa amefariki mmoja.

Idadi hiyo ni ndogo, na hatuwezi kuijengea sheria. Lakini maelezo yake yanaeleweka kwa kila mzazi: mtoto anayelia kwa nguvu hunyonyeshwa, na asiyelia huambiwa ameshiba. Hulka ile ile ambayo mjini New York iliitwa ngumu, wakati wa njaa ilikuwa kinga.

Kwa hiyo katika nyumba yenye watoto wengi, mtazame pia yule ambaye hasemi. Binti anayeosha vyombo bila kuambiwa, asiyeomba daftari wala kulalamika, anaweza kuwa ana homa, ana njaa, au kuna mtu anamtendea ubaya na ameogopa kusema. Utulivu wake usiwe sababu ya kumpa kazi zote na kumnyima macho yetu.

Si kila utukutu ni utukutu

Kabla ya kusema mtoto ana tabia mbaya, kuna mambo ya kiafya ya kuangalia kwanza.

Malaria kali inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto matatizo ya kukumbuka, kusikiliza na kutulia, hata baada ya homa kupona. Jambo hili limechunguzwa Kilifi nchini Kenya na Kampala nchini Uganda. Mtoto aliyekuwa na akili nyepesi, akaugua degedege la malaria, kisha akawa msahaulifu na mwenye hasira, huenda hajawa mkaidi. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya.

Masikio nayo. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri. Ukimwita haitiki, unadhani anakudharau.

Pombe wakati wa ujauzito ni jambo la tatu. Msimu wa mabibo, uraka na gongo hupatikana kwa urahisi katika vijiji vyetu. Pombe anayokunywa mjamzito humfikia mtoto tumboni na inaweza kudhuru ubongo wake. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuzaliwa na ugumu wa kutulia na kujifunza. Watu watasema amezaliwa hivyo, na kweli amezaliwa hivyo, lakini hakurithi kwa wajomba wala kwa baba. Ni madhara yanayozuilika kwa mjamzito kuacha pombe na kwa waliomzunguka kutomkaribisha kunywa.

Fimbo hubadilisha hulka?

Wengi wetu tumekua na fimbo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana, na vivyo hivyo wavulana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingetosha kuleta adabu, tungekuwa tumeshamaliza tatizo.

Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2014 uliwahusu watoto 409 wa shule ya msingi hapa nchini. Waliopigwa zaidi nyumbani walionekana kuwa na ugomvi na ukaidi zaidi, na wema mdogo kwa wenzao. Mtu anaweza kuuliza: je, fimbo ndiyo imewafanya wakaidi, au ukaidi wao ndio ulioita fimbo? Swali hilo ni la haki. Huenda vyote viwili vinazungushana: mtoto mgumu anapigwa, anakuwa mgumu zaidi, anapigwa tena. Mzunguko huo hauvunjwi na mtoto, unavunjwa na mtu mzima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijamnyang'anya mzazi haki ya kurekebisha. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha. Kinasema pia kwamba marekebisho hayakubaliki yakizidi kiasi kulingana na umri na hali ya mtoto, au kama mtoto ni mdogo kiasi cha kutoelewa kwa nini anarekebishwa. Kumchapa mtoto wa mwaka mmoja kwa sababu analia hakuna hoja hata mbele ya sheria.

Wazee wetu walikuwa upande gani?

Methali zetu zinagongana. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inasema damu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inasema malezi. Lakini ukiangalia walichokifanya wazee, utaona walisimama wapi.

Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na jando na unyago. Kijana alitolewa nyumbani, akawekwa chini ya watu waliopewa kazi ya kufunda, akafundishwa kuheshimu wakubwa, kuvumilia, kufanya kazi na kutunza siri. Alipotoka alipewa jina jipya, na jina la utotoni likaachwa. Watu wanaoamini kwamba tabia haibadiliki wasingehangaika hivyo. Aliyekuwa mtukutu alipewa mlango wa kuingilia upya katika jamii. Hata Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuyafuta mafunzo hayo. Aliyatafutia namna ya kuyaendesha ndani ya kanisa.

Mila hizo leo zina lawama zake, na lawama ni za kweli. Wapo wasichana wadogo wanaofundishwa mambo ya unyumba kabla ya umri, na wapo watoto wanaokosa masomo kwa ajili ya ngoma. Hayo yanatakiwa kuachwa. Lakini fikra ya msingi inafaa kubaki: malezi hayakuwa kazi ya mama peke yake. Kwa kuwa ukoo ulihesabiwa upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti. Bibi alikuwepo, na jirani aliruhusiwa kukanya. Mkono mmoja haulei mwana. Basi tunapomlaumu mama peke yake, tujiulize baba yuko wapi, mjomba yuko wapi, na sisi majirani tulisema nini tulipomwona mtoto sokoni saa za shule.

Mambo ya kufanya nyumbani

Moja, mjue kila mtoto. Kaa ujiulize: huyu ni mwepesi wa hasira, mwoga, au mwenye haraka? Mpe kazi na maneno yanayomfaa yeye.

Mbili, usimlinganishe na ndugu yake. "Mbona kaka yako hakuwa hivi?" haimfundishi kitu, inampa chuki na kaka yake.

Tatu, laumu tendo, usimlaumu mtoto. Mwambie "umeiba, kairudishe, kaombe radhi", usimwite mwizi. Mtoto akiitwa jina baya kila siku hulivaa.

Nne, msifu anapofanya vema, na utaje alichofanya: "Umemngoja mwenzako, vizuri." Ni bure na hufanya kazi.

Tano, sheria za nyumba ziwe chache na zisiyumbe. Kosa lililochekewa jana lisiadhibiwe leo.

Sita, fanya unachokihubiri. Anayedanganya kwa simu kwamba yuko njiani, naye amekaa barazani, anafundisha uongo bila chaki.

Saba, unapoenda shamba msimu wa korosho au baharini kwa siku nyingi, mwachie mtoto mtu mzima anayejulikana, na uulize habari zake unaporudi, ukianza na yule mkimya.

Nane, mambo yakizidi, usikae nayo. Muone mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Ukijua mtoto anafanyiwa ukatili, piga simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, bila malipo, au fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Hulka ya mtoto hatukuichagua sisi, wala hakuichagua yeye. Kwa hiyo asiwepo wa kujisifu sana kwa sababu wake ni mpole, wala wa kumcheka mwenziwe kwa sababu wake ni mgumu. Aliyepewa mtoto mgumu anahitaji majirani wa kumsaidia, na mtoto mwenyewe anahitaji angalau mtu mzima mmoja ambaye hajamkatia tamaa.